Watoto Wanne wa Eufrasia Nyangi

Eufrasia Nyangi Mugeta, dada yangu mkubwa, alizaliwa Bukima tarehe 14 Machi 1966. Mimi ninayesoma wasifu huu wa marehemu ni Maige, kitinda mimba wa nyumba hiyo.

Alisoma hapo hapo Bukima, akamaliza darasa la saba mwaka 1980. Akiwa darasa la nne, mwalimu aliwapanga wachelewaji awachape. Yeye akasema, "Mwalimu, kabla hujatuchapa nenda kaone daraja, limesombwa." Aliongezewa fimbo mbili. Kesho yake mwalimu naye alichelewa, suruali matope mpaka magotini.

Mwaka 1987 alifunga ndoa na Felisian Wanzagi, mvuvi wa Kiriba, wakajaliwa watoto wanne. Kwa miaka thelathini alianika dagaa na kuwauza Musoma na Bunda.

Mwaka 2017 mwanawe wa nne, Faustine, aliaga kwamba amepata kazi ya uvuvi kusini. Baadaye tulisikia yuko porini ng'ambo ya mpaka, pamoja na magaidi. Simtetei. Kama alimwaga damu, ataijibia. Ila dada alijua safari ile ilianzia wapi, na hakunyamaza.

Shirika moja kutoka nje lilimpeleka hotelini Musoma, kisha Nairobi, kisha Ulaya, aeleze chanzo cha ugaidi. Kila mahali alisema yale yale: "Alikuwaga kijana mtulivu. Maofisa wa uvuvi wakamchomea nyavu ambazo ni halali kabisa, wakampiga pale mwaloni, mitumbwi inapotua, mbele ya mchumba wake. Akashtaki ofisi tatu, hakuna aliyeandika hata jina lake. Aliyekuja kumsikiliza ndiye huyo aliyeondoka naye." Kitabu kilipotoka, picha yake akilia ilikuwa juu ya jalada, na ndani wameandika kwamba vijana wetu wamekosa maadili. Nyavu hazimo. Kipigo hakimo. Nina hasira mpaka leo, wala sioni haya kusema.

Dada hakuomba semina. Aliomba kitu kimoja: wao wanaofunguliwa milango ya wakubwa waingie na vijana walioonewa kama Faustine, malalamiko yao yaandikwe. Walimjibu kuwa hilo halimo kwenye mradi. Basi akaenda mwenyewe. Vijana wawili waliokwisha kufunga mizigo wamfuate Faustine aliwapeleka ofisini Butiama, akakaa sakafuni siku mbili mpaka ofisa akashika kalamu. Hao wawili ndio waliochimba kaburi hili.

Saratani ya shingo ya kizazi iligundulika mwaka 2023. Alifariki Musoma, tarehe 9 Juni 2025, mumewe akiwa kando yake.

Jana mwenyekiti wa kamati ya mazishi, Mzee Burito, aliniita. "Maige, wewe soma watoto watatu tu. Hilo jina tuliache, wageni wa shirika watakuwepo." Wageni nimewaona, wamekaa mbele, fulana zao zina sura ya dada. Karibuni. Lakini ukoo wangu nao umeanza kufuta, na hilo limeniuma kuliko kile kitabu.

Marehemu ameacha mume, wajukuu saba na watoto wanne: Justina, Penina, Robi, na Faustine, mwenye miaka thelathini na mmoja kama yu hai, asiyejua kwamba leo tunamzika mama yake.

Mungu ampe dada yangu pumziko la amani.