Neno Alilobebeshwa Ishbel Rennie

Sikutaka kusoma haya, niliwaambia watoto wake watafute mtu mwenye macho mazima na shule ya maana, wakasema wifi yake ndiye anayejua tarehe, basi tulieni mnisikilize.

Marehemu Ishbel Rennie alizaliwa tarehe 9 Februari 1938, hapa hapa Paisley, mtoto wa pili wa Bwana na Bibi Gilfillan, akimfuata kaka yake Archie, ambaye ni mume wangu na amekaa hapo mbele. Alisoma hadi miaka kumi na mitano, na Agosti 1953 akaingia kiwanda cha nyuzi alikokuwa akifanya kazi Archie, yeye chumba cha kusokota.

Machi 1957 wasichana wa chumba kile walikuwa wakimficha mwenzao, Rena Coyle, mjamzito asiye na mume, wakimbebea masanduku yake ya nyuzi, mpaka msimamizi akapata habari na kumfukuza siku hiyo hiyo, na kwa kuwa Ishbel alionekana akitoka ofisini, alikokwenda kufungwa kidole kilichokatwa na uzi, wakamwita "clype".

Neno mnalijua: mtoto akimsemea mwenzake kwa mwalimu ni clype, hata mbwa akibweka wakati unaingia kwa kunyata ni clype, na hapo tunacheka, lakini mtu mzima aliyempeleka mwenzake kwa mkubwa hachekewi, maana mwizi tunamsamehe, mlevi tunamfungulia mlango, clype hata chai hapewi.

Hakutulia tena. Alikula mkate wake kwa kusimama miaka mitano, akaolewa tarehe 14 Julai 1962 na Dougal Rennie, mpeleka barua, na harusini hakuja hata mmoja kutoka kiwandani, wakajaliwa Morag, 1964, na Keith, 1967, wakahama nyumba mara sita ndani ya mji huu huu, na kila nyumba alisimama dirishani kuangalia nani anapita na anasema nini.

Mapafu yalianza kumsumbua Januari, akafariki Ijumaa, tarehe 3 Novemba 2023.

Jumanne nilikuwa jikoni naandika haya, Archie akaniambia, "Hiyo ya kiwandani iruke, mama." Nikamuuliza kwa nini, akatazama birika.

"Nilimwambia msimamizi mimi. Nilitaka cheo. Ishbel alijua wiki ile ile."

Ndipo nikaelewa miaka sitini na sita ya kuhangaika: angemtaja kaka yake angesafishika, na kwa kumtaja angekuwa kile kile walichomwita, akaona heri aitwe kuliko awe. Mimi sina ustaarabu wake, nimemtaja, niiteni mpendavyo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompunguzia maumivu, majirani walioleta supu bila kuulizwa, na ninyi watatu wa kiwandani mliokaa nyuma, ambao mna la kumwambia pale kaburini.

Pumzika kwa amani sasa, Ishbel, keti.

Kamba za kumshushia ni nane, na ya kichwani ilikuwa haki ya kaka, lakini kadi ya kumwita ashike kamba hiyo nimeitoa mfukoni mwake leo asubuhi nikampa binti wa Rena Coyle, niliyempigia simu akaja kwa treni, naye Archie atasimama pembeni, mikono mitupu, mbele ya mji mzima.