Aliyesuuza Chupa Mara Tatu

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, Mheshimiwa Mganga Mkuu wa hospitali yetu, ndugu wageni waalikwa, wanafunzi mnaosukumana hapo mlangoni, na wewe Mama uliyetuazima mume wako kwa miaka thelathini na mmoja: hamjambo nyote. Tumekuja kumuaga fundi wetu wa maabara, tunayemwita Mzee Suuza. Mimi nimekuja pia kumwomba radhi, na nataka niiombe mbele yenu, kwa sababu kosa lenyewe nililifanya mbele za watu.

Dawa ya kawaida ya saratani ikiingia mwilini haichagui. Humpiga mgonjwa na ugonjwa wake pamoja, nywele zikang'oka, tumbo likakataa chakula. Sisi tunatengeneza chembe nano, ndogo kiasi kwamba elfu moja hupangana kwenye unene wa unywele, na kila moja imebeba dawa ndani ya ganda. Kwenye damu ganda linatulia. Likifika kwenye uvimbe, ambako asidi ni nyingi zaidi, linafunguka na dawa inamwagika pale pale. Hivyo ndivyo tulivyoahidi. Lakini chembe zetu, ndugu zangu, zilifunguka chupani, kabla ya kwenda popote.

Mwaka mmoja na nusu nilibadilisha ganda, nikabadilisha tena. Chuo kikatupa miezi mitatu: matokeo, au mradi ufungwe. Asubuhi moja Mzee akabisha hodi ofisini kwangu. "Dokta, chembe zako hazina kosa. Chupa ndizo zenye kosa."

Mnajua nilimjibu nini? "Mzee, wewe angalia chupa, chembe niachie mimi." Naam, mimi niliyelelewa vizuri nilimjibu hivyo mtu wa umri wa baba yangu.

Hakununa. Kesho yake alikuja na chupa mbili, zote zinang'aa, akatia maji safi katika kila moja na kuchovya karatasi ya kupimia asidi. Karatasi moja ikabaki vilevile. Nyingine ikawa nyekundu. Chupa zetu huoshwa kwa asidi, kisha husuuzwa mara tatu. Ile iliyogeuza karatasi nyekundu ilisuuzwa mara moja tu. Na nani aliwaamuru wanafunzi wasuuze mara moja, ili tuokoe muda? Ni huyu mnayemwona hapa katika nguo yake mpya. Chembe zilionja asidi zikafanya nilichozifundisha, nami nikazigombeza mwaka mmoja na nusu kwa utiifu wao. Nilicheka mpaka machozi. Naye akacheka, kisha akasema, "Mwenda pole hajikwai, mwanangu. Sasa lete chupa zote."

Tangu hapo mmesikia habari njema. Uvimbe wa panya wetu wa maabara ulipungua, wakala, wakanenepa, na manyoya yao yote yakabaki mwilini. Mwezi ujao mgonjwa wa kwanza atapewa dawa hii kwa majaribio. Sisemi tumeishinda saratani. Nasema tumefika mlangoni kwake, na nina furaha kiasi kwamba jana nilitia chumvi kwenye chai nikainywa. Mama, nasikia hata nyumbani anasuuza vikombe mara tatu. Tafadhali usimkataze.

Lakini tulipochapisha makala yetu tuliandika majina saba, la kwanza langu. Lake halikuwemo. Aliisoma yote amesimama karibu na sinki, akasema, "Hongera Dokta, imetoka vizuri," akarudi kazini. Je, mtu aliyeona kile ambacho wasomi saba hawakukiona, tumuage kwa keki na saa ya ukutani? Nikaliandikia jarida, nikaeleza kila kitu pamoja na aibu yangu. Walinyamaza miezi minne, wakataka ushahidi. Nikawapelekea daftari lake la uoshaji, alimoandika kila chupa ilivyosuuzwa, kurasa zote. Jibu limeingia leo asubuhi, nikiwa navaa viatu.

Mzee, naomba usogee hapa. Nisamehe. Hii ndiyo makala iliyosahihishwa, na majina sasa ni manane. Sitayasoma mimi, yasome wewe, kwa sauti, mkeo akusikie.

Ndugu zangu, mmenivumilia na nawashukuru sana. Sasa masikio yenu mpeni yeye.

Hapana, Mzee, usilitafute huko chini. Ni la pili.