Maneno Arobaini na Moja

Kijiwe chenyewe ni benchi moja refu la mbao, mbele ya duka la vifaa vya ujenzi, mkabala na kituo cha basi la shule. Ilikuwa mwisho wa Oktoba na upepo wa Ziwa Superior, huko kaskazini mwa Marekani, ulikuwa unaingia ndani ya makoti ya watu bila hodi. Mwenye duka huweka birika kubwa la kahawa dirishani kila mchana, bure kabisa, na sheria ni moja tu: likikauka, kila mtu kwao. Wanywaji ni walewale. Kuna Mizani, aliyepima madini ya chuma gatini miaka thelathini na moja, na hata leo hawezi kukusalimia kabla hajakukisia kilo zako. Kuna Redio, anayeamka saa kumi alfajiri kusikiliza vipindi vya ajabu ajabu, halafu anakuja kuwamwagia wenzake. Kuna Mama Supu, aliyepikia shule ya msingi mpaka magoti yakagoma, na mfuko wake haukosi mkate wa iliki. Na pembeni kabisa kuna Arvo Lahti, wanayemwita Kimya, maana akisema maneno kumi kwa siku ujue kuna msiba. Siku hiyo alikuja na bahasha mkononi.

Mizani ndiye aliyeiona kwanza.

— Enhe! Kimya ameandikiwa barua. Mahakama au mapenzi?

— Shule, akasema Kimya. Ya Senja.

Wote wakaweka vikombe chini. Senja ni mjukuu wake, miaka minane, darasa la tatu, na hapo kijiweni ni mtoto wa wote. Mama yake, Aila, ndiye mtoto pekee wa Kimya. Ni mpishi kwenye meli ya madini. Aliondoka Machi barafu ilipoachia, na hawezi kurudi mpaka Januari, ziwa likiganda na meli zikifungwa. Hupiga simu meli ikipita karibu na pwani yenye mtandao, dakika tatu, nne, kisha sauti inamezwa.

— Kafanya nini mtoto? Mama Supu akauliza. Kapigana?

— Wamempima kusoma.

— Wamempimaje? Mizani akachangamka kama aliyeitwa kazini.

— Anapewa ukurasa ambao hajawahi kuuona. Anausoma kwa sauti, dakika moja. Mwalimu anahesabu maneno aliyoyapatia. Kapata arobaini na moja. Kwa darasa lake ilitakiwa themanini na tatu.

Hayo yalikuwa maneno mengi sana kwa Kimya, na kila mtu alielewa kwamba mambo si madogo.

— Sasa wanataka kumsaidia, akaendelea. Siku nne kwa wiki, nusu saa, watoto watatu na mwalimu mmoja. Wanataka aongeze neno moja na nusu kila wiki, wampime tena Januari. Kesho saa tatu asubuhi nina kikao.

— Neno moja na nusu! Mizani akapiga paja. Hiyo nusu ndiyo ipi? Anaanza neno Ijumaa, analimalizia Jumatatu?

— Ni wastani, we mzee, akasema Mama Supu. Haba na haba.

— Haba na haba ni ya mchele! Mimi gatini ukinipa lengo la tani, nakupa tani. Sikupi nusu behewa. Mtoto apewe maneno kumi kwa wiki, mwezi mmoja kazi imekwisha. Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako!

Methali hiyo ilimpata Kimya mbavuni. Akainama, akazungusha kikombe chake. Mama Supu alimpiga Mizani teke la chini kwa chini, na Mizani, ambaye hakujua amekosa nini, akaomba mkate.

— Nyie hamjui kitu, Redio akaingilia. Shida ni taa za darasani. Nimesikia leo alfajiri. Zile taa nyeupe zinatetemeka, jicho la mtoto linaona herufi zinacheza. Wamfanyie mtihani nje, juani.

— Juani Januari? akauliza Mama Supu. Atasoma meno yakigongana, watahesabu na hayo!

— Basi ni mawimbi ya simu. Au maji. Maji ya hapa yana chuma. Chuma kikiingia kichwani kinazama, ndiyo maana mtoto anakuwa mzito. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Sasa mkuu ni nani hapa? akauliza Mizani. Wewe?

— Mimi namwona yule mtoto, akasema Mama Supu. Ni njaa. Miaka ishirini na mbili nimewapakulia. Mtoto akiwa na supu tumboni anasoma mpaka maandishi ya kwenye gunia. Kimya, unamlisha nini asubuhi?

— Uji.

— Uji mtupu! Mkono mtupu haulambwi! Kesho uwaambie waandike mkate wa iliki kwenye huo mpango, vipande viwili kabla ya kupimwa. Nitaoka mwenyewe.

— Na mimi nitatengeneza mashine, akasema Mizani. Mkanda kama ule wa gatini. Maneno yanapita mbele ya mtoto, sisi tunaongeza mwendo kidogo kidogo.

— Na akichelewa? akauliza Redio.

— Yanamwangukia!

Walicheka wote, isipokuwa Kimya. Yeye alikuwa amefungua bahasha na kutoa karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa fomu ya mpango wenyewe, ina mistari na mchoro wa ngazi iendayo juu mpaka Juni. Chini kabisa palikuwa na mstari mtupu, umeandikwa pembeni: Lengo la familia.

— Hapa ndipo nilipokwama, akasema. Mwalimu Carlisle ni mtu mwema, sina neno naye. Anasema yeye ana lengo lake, na sisi tuandike letu. Sharti lipimike, na liwe na wakati. Siku ya nne leo naukodolea macho huu mstari.

— Si umwulize Aila? akasema Redio.

Kimya akakunja pembe ya bahasha. Alhamisi iliyopita Aila alipiga simu, nyuma yake masufuria yakilia, akauliza, baba, Senja anasoma vipi? Naye akamjibu, vizuri, vizuri kabisa. Lilimtoka tu. Angemwambiaje? Aila ndiye aliyekuwa akimsomea yule mtoto kila jioni, dubu kwa sauti nene, sungura kwa sauti ya puani. Alipoondoka, Kimya alijaribu kuvaa viatu vyake, akasoma yeye. Senja alimsikiliza kwa adabu usiku wa kwanza na wa pili. Wa tatu akamshika mkono, akasema, Babu, dubu hasemi hivyo. Tangu hapo kitabu kiko juu ya kabati, na Kimya kila akipita anakitazama na roho inamuuma. Alitamani binti yake arudi, hata kwa jioni moja, aje asome ukurasa mmoja tu.

— Nimemwambia anasoma vizuri, akakiri.

— Aa, Kimya, akasema Mama Supu. Aa, kaka yangu.

— Na hii nyingine ni ya nini? Mizani akauliza haraka, akinyoosha kidole kwenye karatasi ya pili.

— Nakala ya ukurasa aliosoma. Nione alipokosea.

Mizani akavaa miwani. Kila mstari ulikuwa na hesabu ya maneno pembeni, na jambo hilo lilimpendeza mno. Maneno aliyokosa Senja yalikuwa yamekatwa kwa kalamu, manne tu. Baada ya neno la mwisho alilosoma palikuwa na alama ya kufunga. Na pembeni, kwa mwandiko mdogo wa mwalimu: Hapa alinyanyua macho, akaniuliza swali. Siruhusiwi kujibu wakati wa kupima. Hakuendelea tena.

— Ebo! akasema Mizani. Kumbe hakushindwa. Alisimama!

— Aliuliza nini? akasema Redio. Haikuandikwa? Basi aliuliza habari za taa.

— Aliomba chakula, akasema Mama Supu.

— Aliuliza saa ngapi, akasema Mizani. Hata mimi kazini nilikuwa nauliza.

Basi la shule likafika, la njano, likapumua na kufungua mlango. Senja akashuka, kofia imemfunika nyusi, akavuka barabara na kuja moja kwa moja kwa babu yake. Mama Supu alimpa kipande cha mkate kabla hajaulizwa kitu. Mtoto akashukuru, akakaa, akaitambua ile karatasi.

— Babu, na wewe umepewa?

— Nimepewa.

— Basi niambie. Walirudi kumchukua?

— Nani, mjukuu wangu?

— Biskuti. Yule mbwa. Nilimwuliza mwalimu, akasema tuendelee, saa inakwenda.

Benchi zima likamgeukia Kimya. Akainua karatasi, akaishika mbali na macho kama kawaida yake, na akaanza kusoma kwa sauti, yeye Kimya, mbele ya watu, kuanzia mistari michache kabla ya mtoto kusimama:

— "Familia ilisimama kituo cha mafuta. Biskuti alilala chini ya meza. Alipoamka, gari halikuwepo."

Hapo ndipo palipokuwa na ile alama. Kimya akaivuka, akasoma ukurasa mzima mpaka mistari hii ya mwisho:

— "Alikaa pale pale mpaka jioni. Mvua ilianza. Watu walimwita, hakwenda. Kila gari lililopita, Biskuti alisimama akalitazama. Giza lilipoingia, aliona taa mbili zikija kutoka mbali."

Akaishusha karatasi.

— Endelea, akasema Senja.

— Imeishia hapo.

— Geuza nyuma, akasema Redio.

Kimya akageuza. Nyuma kulikuwa na jedwali la kujumlisha maneno, basi.

— Haiwezekani, akasema Mizani, akainyakua. Maneno mia mbili na kumi na nne, nayo haina mwisho? Hakuna mtoto atakayesoma yote haya kwa dakika, hata awe na ulimi wa mnada. Kwa hiyo aliyeandika hakujisumbua. Alijua hakuna atakayefika.

— Taa zilikuwa zao? akauliza Senja.

— Zilikuwa zao, akasema Redio. Walirudi, wakamkumbatia, wakampa mfupa mkubwa...

— Usinitungie, Redio. Nataka ilivyo.

Mama Supu alikwenda kwenye birika kuficha machozi, akafungua bomba lake. Likatoa matone mawili na hewa.

— Kahawa imekwisha, akasema.

Kwa sheria walipaswa kuondoka. Hakuna aliyenyanyuka. Mtoto alikuwa anamtazama babu yake, anangoja.

— Sijui, Senja, akasema Kimya. Ningejua ningekuambia. Na mimi nimetamani kujua.

Kisha akamwomba Mizani kalamu. Akaiweka fomu gotini, akaandika kwenye ule mstari mtupu, polepole, ulimi umetoka pembeni ya mdomo. Mizani akachungulia.

— Wamesema lipimike. Kipimo kiko wapi hapo?

— Mpaka mwisho. Hicho ndicho kipimo.

— Na tarehe?

— Ipo. Soma vizuri.

— Nisome mimi, akasema Senja.

Kimya akampa. Mizani alikuwa tayari amepandisha mkono wa koti kutazama saa, maana mazoea yana taabu. Mama Supu akamkazia macho, naye akauteremsha. Senja akaweka kidole chini ya neno la kwanza.

— Ziwa... likiganda... Senja... amsomee... mama yake...

Hapo akanyanyua macho. Wakamngojea. Gari likapita, likaenda zake, na bado wakamngojea.

— Babu, utamwambia mama kwamba nasoma polepole?

— Leo hii akipiga. Nitamwambia yote.

Mtoto akarudisha kidole pale pale kilipokuwa.

— ...hadithi... moja... mpaka... mwisho.