Maziwa Yaliyokatikia Kwenye Foleni

Wazee wangu, shikamooni. Na ninyi wenzangu, nafurahi kuwaona. Mara ya mwisho niliwakimbia.

Mnanijua, ni mimi wa kompyuta pale kituo cha maziwa Bukiriro. Programu ya mapokezi niliitengeneza mwenyewe. Sheria mnaijua: maziwa hayaingii kwenye tenki kabla kompyuta haijasoma jina la mfugaji. Siku moja nikaweka toleo jipya la maktaba, kile kipande cha programu kinachokwenda kuuliza majina kwenye kanzidata, lile daftari la kompyuta lililoko Ngara mjini. Nilidhani naboresha.

Kesho yake foleni ikafika barabarani. Jina moja, unasubiri mpaka unachoka. Ndugu zangu, huku mpakani nani hajui simu inavyorukia mtandao wa nchi jirani? Basi nikalaumu mtandao. Nikabadili laini, nikapandisha antena juu ya bati, jua linawaka na ndoo zenu zipo chini.

"Mwanangu, yangu yameshakatika," mama mmoja akaniambia, taratibu, wala hakugomba. Mjane. Akayamwaga migombani. Kesho yake tena, na kesho kutwa. Mwishowe akauza ng'ombe wake, na alikuwa naye huyo huyo tu.

Niliposikia, nikaondoka. Nikajifungia kwa dada yangu kule Nemba, nalia tu. Shemeji akanichoka. "Utalia mpaka lini? Kompyuta si unayo hapo?"

Ndipo nikaweka nakala ya kanzidata kwenye kompyuta yangu, nikazima intaneti kabisa. Jamani! Bado inajikokota! Mtandao niliusingizia bure. Kumbe lile toleo jipya, kwa kila jina, linapiga hodi upya kwenye kanzidata, linajitambulisha upya, linatoka na kufunga mlango. La zamani lilikuwa likiingia asubuhi, linabaki ndani. Nikarudisha la zamani, majina yakafunguka papo hapo.

Asante dada, asante shemeji. Asanteni akina mama mlionipigia simu nirudi. Na wewe mama uliyemwaga maziwa, unajijua, siku niliporudi kituoni ulinipa mkono getini wakati sikuweza hata kukutazama usoni.

Vijana, nawaambia, kitu kipya kijaribuni pembeni kwanza. Kazi ikiharibika, anzeni kuchunguza kile mlichobadilisha wenyewe.

Programu niliweza kuirudisha ilivyokuwa. Ng'ombe nilimfuata mnadani, nikaulizia mpaka kwa aliyemnunua. Alikuwa ameshachinjwa.