Mstari wa Perez

Amandeep, zima hiyo simu uketi. Rubani wako asubiri au aende zake, mimi Delhi siendi. Na wewe Ekta, binti yangu, acha kulia kwanza, nishike mkono, maana nina maneno na tumbo hili halinipi nafasi. Utumbo umejisokota. Nimepasua matumbo kama haya tangu hamjazaliwa, na tumbo la namna hii halingoji ndege ivuke bahari. Nitapasuliwa hapa hapa Kisumu, sasa hivi, na atakayenipasua ni Perez.

Ndiyo, Amandeep, huyo huyo uliyesema mbele yake kwamba huwezi kumwachia baba yako. Alisikia. Amesimama pale mlangoni na hakukujibu, kwa sababu nilimfundisha adabu ambayo wewe, mwanangu wa kuzaa, ilikupita kando. Usininunie. Nakupenda, lakini leo unaniudhi.

Nilipofika hapa kijana kutoka Ludhiana, Kiswahili changu chote kilikuwa "pole" na "vuta pumzi". Wakanipa darasa la anatomia lisilo na hata picha moja ya maana ukutani. Basi nikavua shati, nikalala juu ya meza, nikawaambia wanafunzi chukueni chaki, nichoreeni ini, nichoreeni figo, nionyesheni mtakapokata. Walicheka mpaka wakazoea, wakaniita Japuonj, mwalimu wao, na mama yenu akawa kila jioni anafua fulana zenye chaki huku akigomba. Sheria ilikuwa moja tu: humgusi mtu, awe mzima au maiti, kabla hujamwomba ruhusa. Perez alikuja kutoka Dunga, mwoga kweli kweli, akaomba ruhusa kwa sauti ndogo, akachora mstari wa katikati, na alipofika kitovuni akapitia kulia. Kulia! Nilipiga kelele darasa zima likaruka. Upande huo kuna kano linalopanda mpaka kwenye ini, mstari unapitia kushoto! Alilia, akafuta, akachora upya.

Sasa sikilizeni vizuri. Nyumba ya Milimani ni ya Ekta. Shamba la Nyamasaria ni lako, Amandeep, na usithubutu kumfukuza mzee Nicodemus aliyelilinda. Akae pale mpaka achoke mwenyewe. Visu na mikasi yangu ni vya Perez. Nisipoamka, nichomeni hapa na majivu myamwage ziwani kule Dunga, msinirudishe Ludhiana, sina tena anayenijua huko. Na Perez asilaumiwe. Amandeep, ukimpeleka mahakamani, au ukimwita muuaji hata kwa mzaha, hukuzaliwa na mimi.

Niinueni mto. Hapana, ushusheni. Ah! Mnaniona ninavyogeukageuka? Naogopa, wanangu. Miaka yote nimewaambia wagonjwa "usiogope", kumbe nilikuwa nasema upuuzi mtupu. Naogopa kisu, na zaidi ya kisu naogopa kwamba labda sikumfundisha vizuri, na atakayelipa ni mimi.

Amandeep, ile kalamu nene unayoandikia maboksi ya dukani, unayo mfukoni? Mpe Perez. Usiiweke kitandani, mpe mkononi, umtazame. Mpe, baba. Nakuomba.

Ahsante. Ahsante sana, mwanangu.

Njoo, nyathina, mtoto wangu. Funua shuka. Chora utakapokata, na leo sikwambii kitu, nitafumba macho.

"Japuonj, naomba ruhusa."

Umeruhusiwa. Ekta, umesikia? Hajasahau... Waheguru awalinde nyote watatu, awape mikono iliyotulia na nyumba zisizokosa wageni, na mkikosana, mkosane mezani mkila... Perez, usisite kwa ajili yangu, endelea. Naisikia. Ina baridi. Inashuka... inashuka... kitovu hicho...

Eeeh. Kushoto.

Amandeep, umeona? Kapitia kushoto. Sasa nipelekeni.