Odessa Burrell na Vikombe vya Chooni

Ndugu waombolezaji, mpendwa wetu Odessa Pinkett Burrell alizaliwa tarehe 9 Machi 1944, hapa hapa Filadelfia, binti wa fundi viatu Ezekiel Pinkett na mama Lavinia, akalelewa na bibi yake, aliyemsimulia habari za Keziah wa ukoo wetu, muuza supu wa kichochoroni enzi za utumwa, ambaye, kwa maneno ya bibi, alikunywa chai kwenye vikombe vyake mwenyewe vya Kichina, ingawa vitabu vya mji viliwaita watu wa kichochoro kile ombaomba. Odessa aliapa kuthibitisha kwamba bibi yake hakusema uongo.

Alihitimu chuo kikuu mwaka 1966 katika elimu ya mambo ya kale, na wenzake walipokimbilia makaburi ya wafalme wa Misri, yeye alibaki kuchimbua vyoo vya shimo, maana humo ndimo wenyeji wa kale walimotupa mifupa, chupa na vyombo vilivyovunjika, na choo, alizoea kusema, hakijui kujikweza.

Alonzo Burrell, mtumishi wa posta, alimposa akiwa ukingoni mwa shimo, naye akamjibu kutoka chini, "Nipokee ndoo kwanza, Alonzo, halafu uniulize tena." Walifunga ndoa tarehe 17 Juni 1972, wakajaliwa Keziah, aliyepewa jina la yule muuza supu, na Thaddeus.

Mwaka 1976 kichochoro kile kilipokaribia kufunikwa na maegesho ya magari, Odessa alikiwahi choo cha shimo cha pale, akakuta kwato za ng'ombe za kupikia supu, na katikati yake vikombe vya Kichina. Mkuu wake alidai vilitupwa na tajiri wa barabara kuu, mpaka Odessa alipoosha kimoja, akaona mkono wake uliovunjika, ukatobolewa matundu na kuungwa kwa waya.

"Tajiri angenunua kingine," alisema. "Huyu alikipenda."

Bibi, akiwa na miaka tisini, alikishika, akalia, kisha akauliza kama kimeoshwa vizuri.

Moyo ulianza kumsumbua Odessa mwaka 2021, akafariki nyumbani tarehe 14 Oktoba 2023. Tunawashukuru madaktari, majirani waliovumilia matope yetu, na wafanyakazi wenzake wenye miswaki ya kusugulia vigae vya vyombo vya kale.

Kila shimo alilomaliza, kabla halijafukiwa, aliacha chini sarafu mpya ya mwaka ule, ili wachimbaji wa baadaye wajue mwenzao alishafika. Asubuhi hii Alonzo ameweka senti ya mwaka huu kiganjani mwa Odessa.

Umefika, Odessa, na ulichokitafuta ulikipata. Pumzika kwa amani.