Swali la Mama Marejeo Kwenye Meza ya Chai

Wafiwa wenzangu, majirani, na ninyi wa hospitali mliokuja moja kwa moja kutoka zamu, poleni sana, mimi ni kitinda mimba wa nyumba hii, na familia imenituma niwasomee maisha ya dada yetu mkubwa, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Marejeo.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1965, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, mtoto wa kwanza wa fundi seremala na mshona nguo, akaanza shule ya msingi mwaka 1973, na kwa kuwa hakuishiwa maswali, baba alikuwa akimwambia kwamba kuuliza si ujinga, ila awaache watu wamalize kula kwanza. Alimaliza sekondari mwaka 1983, akasomea ukutubi, na tarehe 1 Oktoba 1986 akaajiriwa katika maktaba ya hospitali ya rufaa, chumba kilichopakana na dobi, ambako hata majarida yalinukia sabuni.

Mwaka 1990 alifunga ndoa na fundi wa eksirei, shemeji yetu huyu aliyekaa mbele, ambaye hudai kwamba alimpiga picha ya kifua ndipo akauona moyo wake, utani tuliousikia miaka yote na leo tungelipa chochote dada ausonyee tena, wakajaliwa binti na mvulana.

Jina lake alilipata kwenye mikutano ya madaktari. Kila mwaka waandaaji walimwekea meza ya maktaba kwenye kona ya mbali, naye kila mwaka aliiburuta mwenyewe hadi karibu na birika la chai, kwa sababu alijua kwamba daktari hasimami ukumbini kuwaambia wenzake kuwa amekwama, lakini akishika kikombe ulimi hulegea, humtaja mgonjwa aliyemwacha wodini, na dada alimtafutia marejeo, tafiti zinazounga mkono na zinazopinga, kabla kikao cha jioni hakijafungwa. Alikuwa na mwiko mmoja tu, jambo lake au la ndugu yake hakulitafuta mwenyewe, alimpa mkutubi mwenzake tuliyezoea kumwita Pacha, akisema kinyozi hajinyoi, na anayetafuta kwa hofu huishia kuona anachotaka kukiona.

Agosti mwaka jana aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Binti yake alikuwa amesoma kwenye simu habari za tiba mpya ng'ambo, akamlilia mama yake aitafute, yeye aliyewatafutia watu wote, dada akakataa, na sote tuliumia, tukadhani amekata tamaa. Oktoba alikwenda mkutanoni, lakini hakukaa nyuma ya meza yake, alimwachia Pacha, akachukua kikombe cha chai, akapanga foleni pamoja na madaktari, na zamu yake ilipofika akamuuliza Pacha kuhusu mgonjwa mmoja wa kike, mwenye miaka hamsini na saba. Pacha alitafuta huku analia, akaleta yote bila kuongeza chumvi, kwamba tiba ile haikuwa imewasaidia waliofikia hatua yake, na ingemlaza mbali na nyumbani. Mama na binti walizisoma kurasa zile kitandani, binti akabisha, akasoma tena, mwisho akaweka simu chini, akamuuliza mama yake angependa kufanya nini sasa.

Alichagua kubaki nyumbani, akibishana na shemeji kuhusu sauti ya redio, hadi alipofariki tarehe 3 Juni mwaka huu, asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa binti yake. Inauma, tena inauma sana, lakini hakuna hata mmoja wetu anayelala na neno laiti.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi kwa kumwambia ukweli, majirani kwa kutuazima viti na mabega yenu, na wakutubi wenzake wote. Pacha, meza ni yako sasa, usikubali irudishwe kwenye kona. Nawe dada, uliuliza, ukajibiwa, pumzika kwa amani.